Vifungo Ishirini na Vinne

"Hebu rudia," alisema Tita Herminia. "Rudia mbele ya mama yako, labda masikio yangu ndiyo mabovu. Jumatatu unakwenda wapi?"

"Manila, Tita. Naripoti kambini saa mbili asubuhi, kula kiapo."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Jumamosi nitakuwa hukohuko."

"Jumamosi ni harusi yako, wewe mtoto!"

"Najua, Tita."

Alisema "najua" kwa sauti ileile ambayo angemjibu mgonjwa anayeulizia chai. Hilo ndilo lililompandisha hasira Herminia Palmares, mama wa mchumba wake, aliyeitwa Tita, shangazi, kwa heshima tu. Angelia, wangembembeleza. Angefoka, wangemfokea. Lakini Marivel Sumagaysay alikaa wima kwenye kiti cha mwanzi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe dirishani.

Mezani tambi za pansit zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyekula zaidi ya vijiko viwili. Karibu na mlango wa chumbani, kwenye kabati, lilining'inia gauni la harusi ndani ya mfuko wake mweupe. Herminia alikuwa amelileta mchana huo kutoka kwa fundi wa mjini Iloilo, mwendo wa saa tatu kwa gari, amelipakata magotini njia nzima lisikunjike. Kwao ni upande wa mwanamume unaoshona gauni, na yeye hakutaka kusikia kwamba akina Palmares wamebana mkono. Mgongoni lilikuwa na vifungo vidogo ishirini na vinne, kila kimoja kimefunikwa kwa hariri.

Marivel hakuwa amelivaa hata mara moja. Hakuna bibi harusi wa mji ule anayejaribu gauni lake kabla ya siku. Ukilivaa, harusi haifungwi. Hata wale wanaojifanya wasomi, wanaocheka habari za pepo na za paka weusi, kwenye hili hawacheki. Charing, binti wa mwoka mikate, alilivaa lake dakika tano tu ili apigwe picha, na yule bwana sasa yuko Cebu na mke mwingine na watoto watatu. Kwa hiyo aliyekwenda kupimwa kwa fundi ni Ging, binamu yake Marivel, ambaye mabega na kiuno chake ni vilevile.

"Mimi nimelivaa mara tatu," Ging alisema kutoka jikoni, akidhani anapoza mambo, "na mimi ndiye sina hata mchumba."

"Nyamaza, Ging," walisema watu watatu kwa pamoja.

Rodel alikuwa mmoja wa hao watatu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu ugomvi uanze.

Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa nuru. Alikuwa afisa wa tatu katika meli ya mizigo, mwanamume mrefu mwenye shingo iliyoungua jua, na mikono ambayo Marivel aliipenda kabla hajaupenda uso wake. Alikuwa amerudi wiki tatu zilizopita. Zikipita nyingine tatu, angeondoka tena kwa miezi tisa.

"Rodel," Herminia alimgeukia mwanawe, "wewe ulijua?"

Rodel alipangusa jasho lisilokuwapo. "Aliniambia kwamba ameomba, Mama. Mwezi wa pili huko. Nilikuwa baharini."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ajaribu."

"Ajaribu!"

"Sikudhani watamchukua."

Marivel aliinua macho akamtazama. Ndiyo, alikuwa amesema hivyo, *jaribu tu, Langga*, kwa simu iliyokatika mara nne. Langga, mpenzi, ndivyo alivyomwita siku zote. Naye Marivel alijaribu. Alipimwa kimo pekupeku, akapita kwa nusu inchi. Alikimbia uwanja wa kambi mpaka akatapika, akajifuta mdomo, akamalizia mzunguko. Alikaa mbele ya maafisa watano waliomuuliza angefanya nini akiwa na majeruhi wanane na chupa tatu za damu. Barua ilifika Jumatano. Luteni Usu Marivel Sumagaysay, Kikosi cha Wauguzi. Usiku uleule alimwonyesha Rodel. Rodel aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Niache niongee na Mama kwanza," alisema.

Alhamisi hakuongea. Ijumaa hakuongea. Leo Jumamosi Mama amekuja na gauni.

"Kwa nini jeshi?" Nanay Pacing aliuliza. Huyu ndiye mama yake Marivel, mwanamke mdogo, mkavu, aliyekuwa bado na alama ya nguo nyeusi ya eda kwenye ngozi ya shingo; mwaka wa matanga ulikuwa umeisha mwezi uliopita tu. "Niambie mimi, Inday, binti yangu. Wenzako wote uliosoma nao wako Riyadh, wako London. Wanavaa makoti. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unawakimbia bata bukini wa jirani. Leo unataka kwenda kulala porini na wanaume wenye bunduki?"

"Nitakuwa hospitali ya jeshi, Nay."

"Na wakikupeleka kule kusini kwenye vita?"

"Nitakwenda."

"Nimemzika baba yako. Nikuzike na wewe, tena waniletee jeneza lenye bendera?"

"Nay, hata kwenye wodi yetu watu wanakufa."

"Usinijibu kama daktari!"

"Sikujibu kama daktari."

"Basi nijibu kama mwanangu!"

Marivel alifungua mdomo. Alitafuta ndani yake jibu la mwana kwa mama, akakuta ni kama kupekua mfuko wa nguo uliokwisha kufuliwa. Mwaka mzima ilikuwa hivyo. Alikula kwa kuwa saa ya kula ilifika. Rodel alimbusu uwanja wa ndege, na yeye akahesabu masanduku. Watu walisema ni msiba, utapita. Alingoja upite.

"Sawa," alisema. "Nitawaambia. Lakini Nay, usinikatize."

Nanay Pacing alikunja mikono.

"Kimbunga kile cha mwaka jana. Tatay alipoletwa wodini, wewe ulikuwa umejihifadhi kule shuleni na majirani, barabara imefungwa. Bati lilikuwa limempata kifuani. Umeme hakuna, jenereta imeingia maji. Mashine ya kupumulia haikufanya kazi. Tulikuwa na ule mpira wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono. Unaminya, unaachia. Unaminya, unaachia. Niliuminya kwa saa tano."

Jikoni Ging aliacha kuosha sahani.

"Wagonjwa wengine walikuwa na ndugu wa kupokezana. Mimi nilikuwa peke yangu. Kila aliyepita nilimwomba, na kila mmoja alikuwa na wake wa kushika. Saa ya tatu nilikuwa siisikii tena hii." Aliinua mikono yake kidogo kutoka magotini, akairudisha. "Alfajiri ndege ya jeshi ikatua. Akaingia mwanamke mmoja. Mfupi kuliko mimi, matope mpaka kiunoni. Kapteni, muuguzi. Hakuniuliza jina. Aliweka mikono yake juu ya yangu, akashika mpigo uleule, minya, achia, mpaka yangu ikatoka. Akaniambia, 'Kaa chini. Zamu yangu.'"

"Nawe ukakaa?" Nanay Pacing aliuliza polepole.

"Nilikaa sakafuni. Nikaegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda."

"Halafu?"

"Nikalala, Nay."

Nanay Pacing alikunjua mikono.

"Nililala dakika arobaini. Aliponiamsha alikuwa amepiga magoti. Akaniambia, 'Amekwenda. Mkono wangu haukumwachia mpaka mwisho.' Ndivyo alivyosema. Mwaka mzima umeniuliza kama nilikuwa nimemshika Tatay, nami nikakujibu ndiyo. Nilikudanganya. Aliyemshika ni yule mwanamke."

Nanay Pacing alikaa juu ya ukingo wa kiti kama aliyesukumwa.

"Nataka kuwa yule anayeingia mlangoni," Marivel alisema. "Basi. Hakuna kingine ninachotaka. Nimetafuta, sikuona."

Herminia Palmares hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyezoea kutiiwa, na alikuwa na wageni mia tatu na nguruwe wanane wa kubanika. Alijifuta jicho moja kwa leso, kwa dhati kabisa, kisha akakohoa.

"Inday, Mungu amrehemu baba yako. Lakini nani amekukataza uuguzi? Funga ndoa Jumamosi, uwaandikie hao watu uende mwakani."

"Niliwauliza, Tita. Mwakani nitakuwa nimepita umri. Nisipokuwapo Jumatatu, wanamwita anayefuata kwenye orodha."

"Basi aende huyo anayefuata. Naye si ana mama?"

"Mama, tafadhali," Rodel alisema.

"Tafadhali nini? Tumekwisha kuahirisha mwaka mmoja kwa ajili ya matanga, na nilinyamaza, maana hilo ni haki. Sasa tuahirishe kwa ajili ya bunduki?"

Rodel aliondoka dirishani. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha Marivel, magoti yakalia. Alimshika mikono. Marivel aliitazama mikono minne juu ya sketi yake, akajua ya kwake ni ipi kwa sababu ya saa ya uuguzi tu.

"Langga. Nitazame."

Alimtazama. Uso ule aliujua kuliko ramani ya nchi yake. Aliujua kwenye kioo cha simu, umevunjikavunjika kwa mtandao mbovu, ukisema *nasikia nusu nusu, sema tena.* Kope zake zilikuwa zimelowa.

"Nakupenda," Rodel alisema. "Unajua."

"Najua."

"Basi kwa nini unaniangalia kama abiria?"

"Sijui, Rodel. Ningejua ningeacha."

"Ukiolewa utapona. Tutapata nyumba. Mtoto. Utaona."

"Nitakaa kwenye nyumba hiyo na nani? Wewe utakuwa baharini."

"Ni kazi yangu!"

"Ndiyo. Nami sijawahi kukulaumu." Sauti yake haikupanda. "Miaka saba, mikataba saba. Mwaka ule mlipokwama bandarini miezi minne ya ziada, nani alilala na simu kifuani? Nilikosa harusi ya rafiki yangu kwa sababu uliniambia labda utapata mtandao saa tatu. Hukupata. Nikasema, si kosa lake."

Rodel aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," Marivel alisema. "Wewe unaondoka mwezi ujao, miezi tisa. Mafunzo yangu yataisha kabla hujarudi. Tuoane Desemba ijayo. Nitaomba likizo, nitakuja na sare au bila sare, upendavyo. Utaningoja?"

Lilikuwa swali jepesi. Lilihitaji neno moja.

Rodel alivuta pumzi. Alifungua mdomo. Halafu, kabla neno halijatoka, akageuza macho kumtazama mama yake.

Kutazama kule kulikuwa kufupi. Ging, aliyechungulia kutoka jikoni, hata hakukuona. Marivel alikuona. Alingoja maumivu yaje, kama unavyongoja baada ya kujikata kisu, pale unapoona nyama nyeupe na damu bado. Hayakuja.

"Hakuna cha Desemba ijayo," Herminia alijibu kwa niaba ya mwanawe. "Mtanisamehe, nasema wazi. Mwanangu ana miaka thelathini na mitatu. Kama si Jumamosi ijayo, si Jumamosi nyingine yoyote. Sitaki nyumba ambayo mume yuko melini na mke yuko kambini na mimi nimekaa na mbwa. Chagua, Inday. Gauni lile pale."

"Herminia," Nanay Pacing alisema kwa sauti ndogo.

"Achague, Pacing! Na wewe si umesema hutaki jeneza lenye bendera? Chagua, mwanangu. Hatuna siku nzima."

Kweli hawakuwa nayo. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini. Gari la kwenda mjini hupita njia panda saa kumi.

Marivel aliitoa mikono yake katika ya Rodel, taratibu, kidole kwa kidole. Aliinuka. Alikwenda kabatini, akalitungua gauni, akaingia nalo chumbani, akavuta pazia.

Tabasamu lilimtoka Herminia. "Unaona? Anakwenda kulihifadhi. Msichana ana akili, alikuwa amechoka tu. Ging! Pasha moto tambi."

Wote wakasikia mfuko ukifunguliwa. Kisha wakasikia kitambaa kikiteleza, kizito, na kiatu kikianguka sakafuni. Kingine kikafuata.

"Inday?" aliita Nanay Pacing. "Inday, unafanya nini humo?"

Pazia likavutwa.

Ging alipiga yowe. Nanay Pacing alifanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili akiharakisha kama aliyekosea ya kwanza. Marivel alisimama mlangoni pekupeku, amevaa gauni. Mabega yalikuwa yamelegea kidogo. Alikuwa amekonda tangu Ging apimwe. Alilishika kifuani kwa mkono mmoja lisianguke, maana mgongo wote ulikuwa wazi.

"Vua!" Herminia alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona moto jikoni. "Vua, vua sasa hivi! Halijafungwa bado, halijahesabika! Pacing, mvue!"

Marivel alivuka sebule. Pindo la gauni lilifagia sakafu ya saruji na punje mbili za wali. Alisimama mbele ya Rodel, akamgeuzia mgongo.

"Nifunge vifungo," alisema.

"Langga, unajua maana yake."

"Najua."

"Kwa nini mimi? Ging angeweza. Ungeweza kutoka tu, ukapanda gari."

"Nikitoka tu nitakuwa nimekukimbia. Utakaa melini miezi tisa ukijiuliza nini kilitokea. Sitaki ujiulize." Alilipandisha gauni kifuani. "Ukifunga wewe, tutakuwa tumeachana wawili."

Rodel hakusogea. Marivel aliona kivuli chake sakafuni, mikono imening'inia.

"Rodel Palmares," mama yake alisema, akitamka kila silabi, "ukigusa kifungo hicho usiniite mama."

Na hapo Rodel akafanya jambo ambalo Marivel alilingoja miaka saba. Hakumtazama mama yake. Alipiga goti moja, akashika kifungo cha chini kabisa, kile cha kiunoni, akakipitisha kwenye kitanzi chake.

Kilikuwa kidogo mno kwa vidole vya baharia. Kilimtoroka mara mbili. Alikifunga. Akaenda cha pili.

Herminia alikuwa akilia sasa, bila leso, akiwataja watakatifu mmoja mmoja. Nanay Pacing hakuonekana. Marivel alisikia mlango wa kabati la chumbani ukifunguliwa. Cha tano. Cha sita. Rodel alikuwa akipumua kwa mdomo, kama mtu anayebeba kitu kizito ngazini.

"Ningekungoja," alisema, karibu hakuna aliyesikia. "Nilitaka kusema ningekungoja."

"Najua."

"Nilichelewa sekunde moja."

"Najua, Rodel."

Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili. Kitambaa kilianza kumbana mbavuni. Mahali fulani katikati ya mgongo, alipofika kwenye kifungo ambacho Marivel hakukihesabu, vidole vya Rodel vilimgusa ngozi. Vilikuwa baridi. Alishtuka.

Rodel akasita. "Nimekufinya?"

"Hapana. Endelea."

Hakuwa amemfinya. Ila alikuwa amevisikia. Baridi ile ilimwingia chini ya mfupa wa bega na kukaa pale, ndogo, kali, yake mwenyewe. Ikauma. Marivel aliikodolea macho saa ya ukutani, akaiacha iume, kwa hofu kwamba akipumua kwa nguvu itaondoka.

Cha ishirini. Cha ishirini na moja. Sasa Rodel alikuwa amesimama wima, pumzi yake kwenye nywele zake. Angeweza kugeuka. Pua zao zingegusana. Hakugeuka, kwa sababu alijijua.

Cha ishirini na nne kilikuwa shingoni. Rodel alikifunga, akaweka kidole juu yake muda mfupi, kisha akaondoa mkono.

"Basi," alisema.

Alichukua kofia yake kwenye msumari. Alimshika mama yake bega, na Herminia, ambaye dakika tano zilizopita hakuwa na mwana, alimwegemea kama mlevi. Mlangoni Rodel aligeuka. Alimtazama Marivel kutoka pindo mpaka shingo, kama bwana harusi anavyomtazama mwanamke anayemjia kanisani, bila haraka, mpaka akatosheka.

"Limekukaa vizuri," alisema.

"Fundi alipima vizuri."

Wakatoka. Nje injini iliwaka, ikakataa, ikawaka tena.

Ging alikuwa amesimama jikoni na sufuria ya tambi mkononi, machozi yakimdondokea humo.

Nanay Pacing alitoka chumbani. Mkononi alikuwa na begi la Marivel, lile la bluu, limefungwa zipu. Juu yake alikuwa ameweka koti la mvua la marehemu Tatay, na ndani ya kitambaa, vipande sita vya wali wa kunata uliofungwa majani, wa kula njiani. Alilitua begi mezani, katikati ya sahani.

"Yule kapteni," alisema, "alikuwa na mikono ya namna gani?"

"Ya moto, Nay."

Nanay Pacing aliitikia kwa kichwa mara moja, kama aliyepokea kitu na kukiweka mahali pake. Macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama binti yake ndani ya gauni, akalinyoosha bega lililolegea, akaipangusa punje ya wali kwenye pindo.

"Saa kumi kasoro dakika kumi," alisema. "Geuka nikufungue."

Marivel aligeuka.